Daftari la wiki mbili

Miezi saba nililala sakafuni. Godoro jembamba, chumba cha binti yangu, mkono wangu mmoja nimeunyoosha juu ya kitanda chake kwa sababu alitaka kuushika mpaka usingizi umchukue. Alikuwa na miaka 9. Nikiuvuta mapema anashtuka, tunaanza upya. Mume wangu alilala peke yake upande wa pili wa ukuta, na asubuhi tulikutana jikoni kama wafanyakazi wa zamu mbili tofauti.

Mchana nao ulikuwa na kazi yake. Kila siku ya shule, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, tumbo lilimuuma. Siku za mapumziko tumbo halikutajwa. Jambo hilo nililing'amua mapema, nalo likanipoteza: nilidhani anadanganya. Hakuwa anadanganya. Hofu humuuma mtoto tumbo kweli kweli. Mwili ukijiandaa kukimbia, utumbo nao hupata habari. Daktari alipima damu, mkojo na choo, akambonyeza huku na kule, asione kitu. Kisha akasema kwa upole, "Mama, labda tumtafutie mtu wa kuongea naye."

Mtu wa kuongea naye. Nilitoka mle ndani kama niliyesomewa hukumu. Kwani mimi nani? Si ndiye ninayeongea naye usiku kucha? Ndugu nao walikuwa na lao. Wengine walisema anadeka. Mmoja akanikumbusha kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na methali ile, niliyoisikia maisha yangu yote bila kunigusa, ikanikwama kooni kama mwiba.

Ilinichukua miezi mitatu kuamua. Nikiitazama sasa, naona sehemu kubwa ya muda ule niliipoteza nikibishana na picha iliyokuwa kichwani mwangu: kochi, mtu mzima amelala chali, mwingine ameketi kimya na kalamu. Picha hiyo ina asili yake. Maneno "tiba ya kuongea" yalitungwa na mgonjwa mwenyewe, mwanamke wa Vienna aliyetibiwa na daktari Josef Breuer, ambaye kwenye kitabu cha Breuer na daktari mwenzake Sigmund Freud cha mwaka 1895 aliitwa Anna O. Lakini huyo alikuwa mtu mzima, tena msomi, mwenye maneno tele. Muulize mtoto wa miaka 9 anaogopa nini, atakwambia "sijui", na ndio ukweli wake wote.

Freud mwenyewe, alipochapisha mwaka 1909 habari za mvulana wa miaka mitano aliyekuwa akiogopa farasi, hakuwa ameketi naye wiki baada ya wiki. Katika kipindi cha tiba alimwona mara moja tu. Kazi aliifanya baba wa mtoto, akipeleka taarifa na kurudi na maelekezo. Mengi aliyoyasema Freud kuhusu farasi wale siyakubali hata kidogo, ila hilo la baba lilinigusa nilipolisoma. Waliofuata, binti yake Anna Freud na Melanie Klein, waligombana kwa miaka mingi kuhusu namna ya kumtibu mtoto, lakini wote wawili walijua kwamba mtoto haketi akajieleza kama mtu mzima. Kufikia miaka ya 1940, mwanasaikolojia Virginia Axline alikuwa akiwaacha watoto wacheze, yeye akiwafuata wanakokwenda.

Kwa hiyo unapoambiwa mtoto wako anahitaji tiba ya mazungumzo, swali la kwanza ni nani atakayeongea. Mtoto mdogo anaweza kupata tiba yake kwenye mchezo. Kuna tiba iliyoanzishwa na mwanasaikolojia Sheila Eyberg miaka ya 1970, kwa watoto wa takriban miaka 2 hadi 7, ambapo mzazi anacheza na mtoto chumbani huku mtaalamu akimwona kupitia kioo cha upande mmoja na kumnong'oneza mzazi maelekezo kwenye kifaa cha sikioni. Kijana wa miaka 15 huketi peke yake na mtaalamu na kuongea, akitaka. Na katikati wako watoto kama wangu, ambao nusu ya tatizo lao limelala sakafuni na limenyoosha mkono.

Lakini nimetangulia mno.

Kabla ya hapo ilibidi nijue kama hili ni ugonjwa au ni kukua. Watoto huogopa. Shirika la Afya Duniani linasema kijana mmoja kati ya saba wa umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Sita waliobaki nao hulia, hununa, hukataa shule siku ya mtihani. Sikuweza kupima ukubwa wa hofu yake, nani anaweza? Nikaanza kuhesabu alichonyang'anywa. Hakwenda kulala kwa binamu zake, jambo alilolipenda. Alikosa shule Jumatatu nne kati ya sita. Aliacha kuogelea kwa sababu bwawani wazazi hukaa nje. Na sisi je? Tulikuwa hatujatoka wawili jioni hata siku moja. Nilikuwa nimekataa safari mbili za kazi. Kaka yake alikuwa ameacha kutuambia mambo yake, na hatukugundua. Nilipoyaandika yote kwenye karatasi moja, nikaona haya si mawingu ya kupita.

Si kila machozi ni ya kupeleka kwa mtaalamu. Baba yangu alipofariki, watoto wangu wote wawili walilia wiki nzima, na rafiki yangu mmoja akanisihi niwakimbize kwa mshauri nasaha siku ileile. Sikuwapeleka, na sijutii. Mwaka 2002 Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, walichapisha mapitio, wakaona kwamba kikao kimoja cha kumwelezesha mtu yaliyompata, mara tu baada ya mshtuko, hakizuii matatizo ya baadaye. Watoto wangu walihitaji tuwepo, tumtaje babu yao kwa jina, tuwaache walie na wacheke siku hiyohiyo. Wiki chache baadaye walikuwa wanakumbuka vichekesho vyake.

Kuna jambo moja tu ambalo halisubiri karatasi wala tafakari. Mtoto akizungumzia kufa au kujiua, akijikata, akiacha kula, akisikia sauti ambazo wengine hawasikii, hapo huulizi kama tiba inamfaa. Unampeleka apate msaada siku hiyohiyo, na humwachi peke yake.

Mtaalamu tuliyempata alikuwa mwanamke mwenye sauti ndogo na saa kubwa ya ukutani. Nilimfikia na hotuba yangu tayari. Akanisikiliza, kisha akasema hatamwona mtoto kwanza. Nilikasirika, nilikuwa nimemwandaa binti yangu siku mbili kwa ajili ya kikao kile. Akanipa kazi: kwa wiki mbili niandike kila siku, nisiandike anachofanya mtoto, niandike tunachofanya sisi pale anapoogopa.

Daftari hilo ninalo bado. Jumatatu: nimejibu "utakuja kunichukua?" mara 14, kisha nikaacha kuhesabu. Nimempigia mwalimu. Nimelala sakafuni. Jumatano: shangazi yake amemsalimia, nikajibu mimi. Nimekagua chini ya kitanda mara tatu ingawa hakuniomba mara ya tatu. Ijumaa: baba yake amekasirika, ametoka chumbani, amerudi, amesema basi abaki nyumbani. Kufikia Jumapili ya pili daftari lilikuwa na kurasa 19, na mtoto ndani yake unamwona kwa nadra. Ni kitabu cha watu wazima wawili wanaokimbia huku na huko wakizima moto.

Mtaalamu alilisoma lote mbele yangu, taratibu, bila kuinua uso. Halafu akasema, "Mama, wewe ndiye dawa yake ya maumivu. Inapoza kwa dakika kumi, kisha anahitaji nyingine."

Sikulala vizuri usiku ule, na safari hii si kwa sababu ya sakafu.

Alichotufundisha kimefanyiwa utafiti. Eli Lebowitz na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale wametengeneza tiba ya hofu za watoto ambayo wanaohudhuria ni wazazi peke yao. Katika utafiti wao wa mwaka 2020, wenye watoto 124, kundi moja la wazazi lilihudhuria vikao 12 bila mtoto kukanyaga pale, na kundi lingine watoto wenyewe walipata tiba ya fikra na tabia, inayomfundisha mtoto kupima mawazo yake na kuikabili hofu hatua kwa hatua. Mwishoni watoto wa makundi yote mawili walikuwa wamepata nafuu kwa kiwango kinacholingana. Kiini chake ni chepesi kukieleza na kigumu kukitenda: mzazi anapunguza, kidogo kidogo na kwa kutangaza mapema, yale anayoyafanya ili mtoto asikutane na hofu yake. Habadilishi mtoto. Anabadilisha mwendo wake mwenyewe, kwa sababu huo ndio ulio mikononi mwake.

Na kuna sentensi ya kusema. Ina vipande viwili: najua hili linakutisha, na najua utaliweza. Tulipoifanyia mazoezi mimi na mume wangu, tuliangaliana tukacheka vibaya. Kwa miezi saba mimi nilikuwa nasema kipande cha kwanza tu, na yeye alikuwa anasema cha pili tu, kila mmoja akidhani mwenzake anaharibu mtoto.

Mume wangu hakuwa ameamini jambo hili, niseme kweli. Kwake ilikuwa ni kumlipa mtu atwambie tulale kitandani kwetu. Wapo wanandoa wengi wanaokwama hapo: mmoja anataka, mwingine anaona ni maneno matupu, na mtoto anasubiri wamalize. Sisi tuliokolewa na jambo dogo. Hatukukubaliana juu ya ugonjwa. Tulikubaliana juu ya jaribio. Vikao 12. Malengo mawili yanayoonekana kwa macho: alale kitandani kwake bila mtu usiku nne kati ya saba, na aende shule Jumatatu, tumbo linauma au haliumi. Baada ya hapo kama hakuna kilichosogea, tunaacha au tunabadilisha mtaalamu, na hakuna atakayemwambia mwenzake "nilikwambia". (Kifungu hicho cha mwisho alikidai yeye.)

Tulimwandikia binti yetu barua fupi, tukamsomea pamoja. Kila swali litajibiwa mara moja kwa usiku. Godoro litasogea: wiki hii nje ya mlango, wiki ijayo mbali zaidi ukumbini, kisha litarudi stoo. Usiku wa kwanza alitutazama tu, kama anayengoja tuseme ni mzaha. Usiku wa tatu alipiga kelele hadi majirani wakasikia. Nilikaa ukumbini nimeziba mdomo kwa kiganja, na mume wangu akaja akaketi sakafuni kando yangu, jambo ambalo katika miezi yote ile halikutokea. Hatukusema kitu. Karibu saa nane alinyamaza. Niliingia nikakuta amelala, amekumbatia mto, na mkono mmoja ukining'inia nje ya kitanda.

Usingizi ulikaa sawa kwenye wiki ya sita. Tumbo la Jumatatu halikukubali. Hapo ndipo yeye mwenyewe alianza vikao, vya tiba ya fikra na tabia, ile ambayo mizizi yake iko kwa daktari wa akili Aaron Beck na wenzake wa miaka ya 1960. Walichora ngazi. Kipandio cha chini: kubaki getini dakika tano bila mimi. Cha juu kabisa: kulala kwa binamu zake. Vipandio vya katikati alivipanga mwenyewe, na viwili kati ya hivyo nisingevifikiria kamwe. Kumbe alikuwa anaogopa kuulizwa jina na mwalimu mgeni kuliko kubaki bila mimi. Hilo hakuwahi kuniambia. Wala sikuwahi kumpa nafasi, nilikuwa najibu badala yake.

Watu huniuliza kama tiba "inafanya kazi". Kwa hofu za watoto, ushahidi ni mzuri, lakini si wa miujiza. Utafiti mmoja mkubwa wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2008, ulikuwa na watoto 488 wa miaka 7 hadi 17. Baada ya wiki 12, waliopata nafuu ya kutosha kwa tiba ya fikra na tabia walikuwa karibu asilimia 60. Kwa sertraline, dawa ya kupunguza wasiwasi, karibu 55. Kwa vyote viwili pamoja, karibu 81. Na kwa vidonge visivyo na dawa, karibu 24. Nilizisoma namba hizo mara nyingi. Siku nikiwa na moyo naiona ile 60. Siku nyingine naiona 40 iliyobaki, na mzazi mmoja mle ndani anayejilaumu kwamba mtoto wake hakujitahidi. Hizo za dawa nazo zilinifundisha kuacha kuwatazama wazazi waliochagua vidonge kama waliokata tamaa.

Sasa nije kwa kaka yake, maana hadithi ya dada inaweza kukufanya uamini kwamba kila mlango unafunguliwa kwa ufunguo huu.

Mwanangu alikuwa na miaka 11 na hasira. Alirusha vitabu, aligombana na walimu, alirudi nyumbani na barua. Mimi, niliyekwishaokoka, nikawa muumini. Nikampeleka kwa mtaalamu mwingine kabla hata sijauliza maswali. Vikao vitano. Alikuwa anarudi na hesabu ya vigae vya dari: 84. Mtaalamu alisema anapinga, tumpe muda. Katika kikao cha tano aliulizwa tena anajisikiaje, akajibu, "Najisikia kwamba mimi ndio tatizo la nyumba hii."

Aliyetufumbua macho ni mwalimu mmoja wa zamu aliyegundua kwamba vitabu alivyorusha vilikuwa vya kusoma kwa sauti, daima. Tukampeleka apimwe. Alikuwa na disleksia, tatizo linalofanya kusoma kuwe kugumu hata kwa mtoto mwenye akili. Miaka mitano alikuwa amekariri kurasa kwa kuwasikiliza wenzake, na kila alipoitwa asimame alichagua kufukuzwa darasani kuliko kuchekwa. Alichohitaji ni mtu wa kumfundisha kusoma kwa njia nyingine, na muda wa ziada kwenye mitihani. Hasira haikuisha siku moja, lakini ilipungua yenyewe, bila mtu kuizungumza.

Ningepaswa kuanza na mwili na darasa. Masikio, macho, usingizi, damu, kusoma. Mtoto asiyesikia vizuri huonekana mkaidi. Asiyelala huonekana mwenye huzuni. Na mtoto anayeonewa shuleni hahitaji kwanza kufundishwa kuvumilia. Anahitaji anayemwonea azuiwe. Kumpeleka kwenye tiba kabla ya hapo ni kumwambia kwamba kasoro iko ndani yake, na watoto hulisikia hilo hata usipolitamka.

Na tiba inaweza kudhuru, tusifichane. Mwaka 1999 Thomas Dishion na wenzake walionyesha kwamba kuwakusanya vijana wakorofi kwenye kikundi kimoja ili wasaidiwe kunaweza kuwaongezea ukorofi, kwa kuwa wanapata hadhira. Vikao vya familia nzima pamoja, vile ambavyo daktari wa akili Salvador Minuchin alivipa sura kule Philadelphia, Marekani, mimi navipenda. Vinaona tatizo katikati ya watu badala ya kulitafuta ndani ya mmoja wao. Lakini nyumba ambayo mtu mmoja anamwogopa mwingine, kikao cha pamoja si mahali salama. Anayeogopa atachagua kunyamaza, au atasema na kulipia akifika nyumbani. Huyo aanze peke yake.

Nilipomtafuta mtaalamu wa tatu, wa kutusaidia sisi wawili na kijana wetu kwa yale yaliyobaki kati yetu, nilikuwa nimejifunza kuuliza. Umesomea wapi na nani anasimamia kazi yako. Umetibu wangapi wenye tatizo kama hili, na hufanya nini hasa kwenye kikao. Sisi wazazi tutashiriki vipi. Swali lililonifaa kuliko yote ni hili: tutajuaje kwamba haifanyi kazi? Mmoja alikasirika nilipomuuliza, kwenye simu, akasema tiba si kutengeneza gari. Nikamshukuru, nikafuta namba. Mwingine alicheka, akasema tukifika wiki ya nane bila badiliko lolote atatwambia yeye kabla hatujamuuliza. Tulimchagua huyo.

Suala la siri ndilo lililonitesa zaidi. Mtaalamu mzuri husema mapema, mtoto akiwepo, ni nini kitabaki chumbani na ni nini hakitabaki: hatari ya kujidhuru, kumdhuru mwingine, au mtoto kudhuriwa. Mengine ni yake. Nilikubali kwa mdomo. Kisha nikawa nakaa garini baada ya kila kikao, natafuta uso wa mwanangu kwenye kioo, nauliza "mmeongea nini?" kwa sauti niliyodhani ni ya kawaida. Alinivumilia mara mbili. Ya tatu akasema, "Mama, hiki ndicho kitu pekee nilicho nacho ambacho hukijui." Niliwasha gari.

Andiko hili nimewaonyesha wote wawili kabla ya kulitoa. Mwanangu alisikiliza nikimsomea, akataka vigae viwe 84 kama nilivyoandika, si "vingi". Binti yangu, ambaye sasa ana miaka 14, alisoma akiwa amesimama, kalamu mkononi, akafuta aya mbili bila kueleza. Hazimo. Halafu akarudi nyuma hadi kwenye usiku ule wa tatu, akauliza kama kweli nilikuwa ukumbini muda wote.

Nikamwambia ndiyo, na baba yako pia.

"Nilijua," akasema. "Nilikuwa nawasikia mnapumua."